Vifungo Vitatu

Mwanangu alipofariki, wanawake wa mtaani walikuja kunisafishia nyumba. Wema mtupu. Chupa zake wakazichemsha, sakafu wakaipiga deki, makopo ya maziwa ya unga yote wakayatupa. Walisahau moja, lililokuwa chini ya kitanda: kopo tupu ambalo mama mkwe alilitia vifungo vitatu vya shati, akafunga mfuniko kwa gundi, likawa kayamba la mtoto.

Daktari alisema ni maziwa. Wifi akasema ni mimi.

"Msomi wa jioni, kutwa madaftari! Tarehe ya kwenye kopo tu ikakushinda?"

Niliisoma. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha: pindua kopo kabla hujalipa. Nililipindua pale pale dukani, na muda ulikuwa bado mwaka mzima. Lakini ukiambiwa jambo kila siku, mwisho unajishuku mwenyewe.

Wiki ya pili akaja mkaguzi wa chakula, mama mmoja mnene mwenye raba miguuni. Watoto wengine wawili walikuwa wamelazwa kwa maziwa ya duka lile lile, na mwenye duka alikwishahamisha mzigo wote.

"Hata kopo tupu hukubakiza, mama?"

"Sina," nikasema.

Ubavuni mwa lile kopo kulikuwa na alama za viganja vya mwanangu, za mafuta ya kujipaka. Vumbi nilikuwa nalipuliza tu, nisije nikazifuta.

Mkaguzi akaaga. Alipofika mlangoni nikamwuliza, "Hao waliolazwa wana umri gani?"

"Mdogo ana miezi minane. Wa kwako?"

"Tisa."

Nikaingia chumbani, nikapiga magoti.

Mkaguzi alivaa glavu, akalitia kopo kwenye mfuko wa plastiki, akapiga lakiri, nikatia sahihi.

"Ulishike kwenye kingo," nikamwomba.

"Usijali, mwanangu. Kuanzia hapa kila atakayeligusa ataandikwa."

Mahakamani, mkemia wa serikali, mzee mwembamba wa sauti ndogo, alieleza kwamba tarehe ya chini ya kopo ilipigwa juu ya nyingine iliyofutwa kwa spiriti. Wino ukifutwa huacha kivuli, akasema, na taa ya maabara hukiona. Akaisoma ile ya kwanza. Maziwa yale yalikwisha muda wake miezi mitatu kabla mwanangu hajazaliwa.

Wakili wa mwenye duka akasimama. "Mama, una hakika uliisoma tarehe?"

"Niliisoma, mheshimiwa. Nikaiamini."

Nyuma yangu nikasikia mtu anajikaza asilie, akashindwa. Alikuwa wifi.

Mwenye duka alitiwa hatiani. Nilidhani siku hiyo nitapumua. Nikamfuata karani kuomba kopo langu.

"Ni kielelezo, dada. Linakaa hapa mpaka rufaa zote ziishe."

"Alama za viganja vya mwanangu je?"

Akainua mfuko hadi kwenye mwanga wa dirisha. Mkemia alikuwa amegusa kitako tu. Ubavuni viganja vilikuwepo, vyote viwili.

Wifi alikuja akanishika mkono. Karani akalirudisha kopo sandukuni, na vifungo vikalia.

Tuligeuka kwa pamoja, mimi na yeye, tukatazama chini, usawa wa magoti, pale anapotokea mtoto anayetambaa.