Mwiko wa Upande wa Hatim

Kitendawili! Wawili wanazunguka, hawagusani, na mmoja akisimama nyumba inaungua.

Walipokuwa wadogo, wanangu wawili walikijibu hata kabla sijamaliza: "Miiko ya harisa!" Ndiyo desturi ya kijiji chetu, kusini mwa Lebanoni. Siku ya Ashura tunamkumbuka Husein, mjukuu wa Mtume, kwa sufuria kubwa ya harisa, uji mzito wa ngano na nyama, na wanaume wawili husimama huku na huku wakisonga. Mmoja peke yake hawezi.

Wanangu hao, Hatim na mdogo wake Sadiq, waliisonga tangu ndevu zinawaota. Kisha kule Iran masheikh wakamwangusha mfalme, na upepo wake ukafika hadi kwenye mashamba yetu ya tumbaku. Waisraeli walipotuvamia, Sadiq akakihama chama cha kaka yake, kilichotegemea Syria, akaingia kingine kipya, cha dini, kilichotegemea Iran. Wote wawili waliwapiga Waisraeli. Halafu vyama vikageukiana.

Mwanzoni ilikuwa mizaha tu.

"Karibu, balozi wa Tehran! Hata chai siku hizi unakunywa Kiajemi?"

"Afadhali mimi, kaka. Wewe hupigi chafya mpaka Damasko iruhusu."

Mwaka uliofuata hawakuweza kukaa chumba kimoja. Nikawatumia neno, kila mmoja kwake: "Ashura mtakuja. Bunduki mtamwachia mbuzi azilinde."

Sadiq alifika kulipopambazuka. Akashika mwiko wake, akasonga huku jicho liko barabarani.

"Mvivu huyu kaka," akasema. "Atakuja wakati wa kula."

Aliyekuja ni jirani yetu Hajja Wafiqa, mtandio umemporomoka mabegani. Aliniita, "Mama Hatim," lakini macho yake yalikuwa kwa Sadiq.

"Ni Hatim. Wamemuua kwa risasi kwenye kizuizi cha darajani. Wenzako, mwanangu."

Mwiko wa Sadiq haukusimama.

"Niliwaambia wampishe," akasema. "Mama, niliwaambia leo atapita kaka yangu."

Kwetu mwanamke hashiki mwiko ule. Niliushika, ule wa Hatim. Hakuna mwanamume aliyenizuia. Tukazunguka, mimi na yeye, bila kutazamana.

Adhuhuri watu walikuja na mabakuli, wa chama hiki na wa kile, wote wakimlilia Husein yule yule. Harisa ilikuwa imeungua upande wa Hatim. Wakaila hivyo hivyo.

Watoto wa Hatim hunijia jioni, wananivuta kanzu: "Bibi, tega!"

Nawategea cha yai. Nawategea cha kivuli. Cha miiko sikitegi tena.