Nyumba Anazozitembelea Tressie

Kabla ya alfajiri, miguu ya kiti ilikwaruza sakafu ya jikoni, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Verlie Combs alikuwa macho. Alisikiliza mpaka kiti kikafika ubavuni mwa friji, ndipo akatafuta ndala zake kwa vidole vya miguu na kwenda kuwasha oveni. Aliyekuja alipenda mkate wa mahindi ukiwa wa moto, na oveni ile ilikuwa nzito kupata joto.

Alikuwa Tressie, mjukuu wake wa miaka minne. Alisimama juu ya kiti akiwa na gauni la bluu walilomzika nalo mwezi wa Oktoba, ameinua kidevu, akitazama juu ya friji. Pale juu, nyuma ya kopo la biskuti, palikuwa na bastola ya babu yake.

"Umeamkaje, mpenzi wa bibi?"

"Salama. Miguu inaniganda."

Verlie akamvisha soksi za Hobert, mume wake. Zilimfika magotini. Kisha akamkatia mkate, akaupaka siagi na shira ya mtama, akamwekea pale pale juu ya kiti, maana Tressie hakutaka kushuka. Alikula vizuri. Makombo yalidondoka chini kama makombo ya mtoto yeyote, na Verlie aliyafagia baadaye.

Bastola ile Hobert aliirithi kwa baba yake, kama wengi walivyorithi za kwao. Katika bonde lile kila nyumba ilikuwa na bunduki kama ilivyokuwa na ufagio, na hazikufungiwa, kwa sababu nyoka akiingia bandani kwa kuku hamsubiri mtu atafute ufunguo. Mtoto alikingwa kwa kufundishwa. Hobert alimfundisha Tressie kama yeye alivyofundishwa: alitoa risasi, akampakata, akamwachia ashike chuma kile mpaka mikono ikamchoka, ili hamu imwishe. Kisha akamuuliza, "Ukiiona, utafanyaje?"

"Sigusi. Naita mtu mzima."

Hobert akacheka, akampa pipi ya mnanaa. Alimuuliza tena mbele ya wageni, na kila mara Tressie alijibu vilevile, naye kila mara akapata pipi. Watu wakasema mtoto huyu ana akili. Hata Jumapili ile ya Oktoba, wakati watu wazima wamekaa barazani wakimenya maharage, Hobert aliposikia mlio kutoka jikoni, alikokuwa Tressie peke yake, alidhani upepo umebamiza mlango.

Majirani waliwatendea wema ambao Verlie hakuusahau. Wanaume walichimba kaburi kwa sepetu, wakakataa mashine. Vyakula vililetwa kwenye mabakuli yenye majina ya wenyewe chini yake, na bakuli lililorudishwa lilirudi kesho yake limejaa tena. Zella Pruitt, mjane wa nyumba ya juu, aliisugua sakafu ya jikoni kabla wao hawajarudi kutoka hospitali, na hakuwahi kulitaja jambo hilo. Hata yule polisi wa kaunti alikuwa na huruma. Uchunguzi ulipokwisha, aliirudisha bastola mwenyewe, ndani ya mfuko wa karatasi.

"Nimeisafisha, mzee, nikaitia na mafuta," alisema. "Sikutaka ikurudie vile ilivyokuwa."

"Umefanya vizuri, kijana," Hobert akamjibu. Baadaye alisimama jikoni ameukumbatia mfuko, hajui pa kuuweka. Mwisho akaijaza bastola risasi kama alivyoizoea na kuirudisha mahali pake. Kesho yake, kabla ya alfajiri, Tressie alikuja.

Mama yake Tressie, Renda, binti wa Verlie, alifanya kazi katika nyumba ya kulea wazee huko mjini, na kila asubuhi alipita kumwacha mwanawe mdogo, Dell, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Siku aliyomkuta binti yake juu ya kiti alimkabidhi Verlie mtoto, akafungua mkoba, akatoa kitana.

"Mbona nywele za kisogoni zimejisokota hivi? Umelalia nini?"

"Udongo."

"Tulia basi. Ukitingisha kichwa ndiyo inauma."

Alimchana taratibu, akamsuka mikia miwili. Kazini alichelewa. Msimamizi wake alikwisha kuwaogesha wazee wa upande wake, wala hakumuuliza kitu.

Jua likigusa ukingo wa mlima Tressie alitoka, lakini hakurudi moja kwa moja makaburini. Alipita kwa watu. Kwa Zella alikwenda kwenye kochi, akainua mto wa kukalia, akatazama chini yake. Kanisani alikaa muda wote wa ibada karibu na mkoba wa mke wa mchungaji, na mke wa mchungaji akausogeza mkoba, na Tressie akasogea. Watu walimsalimu, wakamtafutia kitu cha kula. Walichokionea haya ni kwamba alijua bunduki zao zilipo.

Kwa Arvil Stacy, rafiki wa Hobert tangu walipokuwa mgodini, alisimama mbele ya kabati la nguo.

"Hapo hakuna kitu, binti," Arvil alimwambia. "Yangu nimeificha mahali hata Opal hapajui."

"Ipo kwenye boksi la taa za Krismasi," Tressie alisema.

Opal, mkewe, alikuwa anakunja shuka. "Arvil! Si uliniambia umeiuza?"

"Nilisema nafikiria kuiuza."

"Ulifikiria mpaka ukainunulia risasi mpya?"

Wajukuu wao wawili walikuwa mezani wanakula. Mdogo akasema, bila kuinua macho kwenye bakuli, "Babu, sisi sote tunajua. Kwanza ilikuwa kwenye buti, halafu ukaihamisha." Arvil akaihamishia darini. Asubuhi iliyofuata Tressie alikuwa amekaa chini ya mlango wa dari, anasubiri, na wajukuu wamekaa naye.

Mwezi wa Machi nesi wa kaunti alipanda bondeni na sanduku la kufuli za waya. Zilikuwa za bure. Alionyesha kwenye meza ya kila nyumba jinsi waya unavyopita ndani ya chuma na kutokea chini, na risasi zikae mbali, penye kufuli jingine. Hakumgombeza mtu. Alimkuta Tressie kwa Verlie, akampa kibandiko chenye picha ya sungura, naye akakibandika kifuani.

Zella, aliyekuwa na wajukuu wa kuja likizo, alifunga yake siku ileile. Tangu hapo Tressie hakukanyaga kwake. Zella alikaa barazani asubuhi nyingi na keki ya tangawizi iliyofunikwa kwa kitambaa, kisha akaanza kuteremka nayo mpaka kwa Verlie ili amwone mtoto huko huko.

"Nimekukosea nini, mama?" alimuuliza.

"Hujanikosea," Tressie alisema, akipokea keki. "Kwako kumefungwa. Mimi natazama zile ambazo hazijafungwa."

Habari hiyo ilizunguka bondeni kabla ya chakula cha mchana. Waliokuwa wamefunga walitafakari kama wafungue tena. Arvil alijaribu ujanja: alitoa risasi zote, akaiacha bunduki wazi juu ya kitanda. Tressie hakuja. Wiki ilipokwisha akarudisha risasi moja, na asubuhi yake mtoto alikuwa mlangoni, na Opal, aliyekuwa ameapa kuitupa bunduki ile mtoni, akakimbia kukaanga mayai.

Verlie aliyatazama haya akamtazama na Dell. Mtoto alikuwa anakwea kila kitu. Alipanda kochi, akapanda ndoo ya makaa, akakutwa amesimama juu ya mlango wa oveni, akijipigia makofi. Asubuhi moja, Renda akiwa bado njiani, Verlie alivuta kiti cha pili akakaa macho kwa macho na mjukuu wake.

"Tressie, mama. Dell akipanda hapo, utamzuia?"

Tressie alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Mimi mdogo, bibi."

"Lakini utatuita?"

"Siku ile nilijua kuita," Tressie alisema. "Nilijua maneno yote."

Verlie alinyanyuka, akamkatia kipande kingine cha mkate. Mchana, Dell alipolala, alichukua kufuli la nesi kwenye droo, akapanda juu ya kiti kwa shida kwa sababu ya goti lake, akaishusha bastola. Mikono yake ilifanya kama alivyoonyeshwa. Risasi alizifungia ndani ya sanduku la vyeti, bastola akairudisha juu na waya wake, na funguo zote mbili akazining'iniza shingoni, ndani ya nguo. Hobert alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona kila kitu.

"Mimi nilimfundisha," alisema.

"Najua, mzee wangu. Ulimfundisha vizuri."

Akaenda nje kupasua kuni ambazo hawakuzihitaji.

Kulipokaribia kucha jikoni kulikuwa kimya. Verlie alilala akisikiliza, na pembeni yake Hobert alikuwa anasikiliza pia, akijizuia kukohoa. Renda alipofika aliweka mkoba mezani na kutoa kitana. Alikaa nacho mkononi. Alikaa mpaka muda wa kazi ukapita.

"Amechelewa leo," alisema.

"Haji, mwanangu. Nimeifunga."

 Renda alianza kuvuta nywele zilizobaki kwenye meno ya kitana, moja moja, akizilaza juu ya goti. Zilikuwa nywele laini za rangi ya majani makavu. Alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata, akakaa vivyo hivyo. Zella akaja na keki, akawakuta, akageuka nayo kimya kimya asiwaongezee uchungu. Msimamizi wa kazini akatuma salamu kwamba nafasi yake ipo, asiharakishe.

Siku ya tatu Renda alisema, "Mama, nipe ufunguo."

"Na Dell?"

"Nitamchunga. Nitamfunga kiunoni kwangu. Ninyi wote mtamchunga."

"Siku ile tulikuwa watu wazima watano barazani, Renda. Na wewe mmojawapo."

"Ndiyo, nilikuwepo!" Renda alisema. "Nilikuwa na bakuli la maharage mapajani. Nikalishusha chini kwanza yasimwagike, ndiyo nikakimbia. Mama, huwa namwomba msamaha wa jambo hilo nikimchana. Sijamaliza. Niachie asubuhi moja tu, nimalize."

Verlie alimtazama mwanawe. Alimwona alivyokonda mabegani, kama alipokuwa na homa utotoni, akabembelezwa siku nzima kula kijiko cha mchuzi. Dell alikuwa chini ya meza anatafuna kamba ya kiatu. Verlie alijua jibu lililo sahihi, akalisema moyoni mara mbili. Kisha akaingiza mkono shingoni na kutoa funguo. Hobert ndiye aliyefungua. Risasi aliziweka moja moja, kama alivyozoea.

Asubuhi ile Tressie alikuja kama kawaida, kibandiko cha sungura kifuani, wala hakuuliza kwa nini walikuwa wamefunga. Renda alimchana kwa muda mrefu sana. Aliongea naye sikioni, na Tressie alitikisa kichwa kukubali, mara nyingine akasema "Haya," kama mtoto anayetumwa dukani. Ilipoisha Renda alinawa uso, akafunga mkoba wake, akaenda kazini. Mlangoni, bila kumtazama mama yake machoni, aliomba bastola iachwe ilivyo mpaka Jumapili, kwa kuwa mkia mmoja hakuusuka sawa.

Dell alikuwa amesimama kando ya dada yake, juu ya kiti kilekile, amemshika gauni. Verlie alimshusha. Akapanda tena. Verlie akamshusha, akampa kijiko achezee, na Dell akakitupa na kupanda tena, na Tressie akajisogeza kumpa nafasi. Wote wawili wakatazama juu. Videvu vyao vilifanana.

Jua liligusa ukingo wa mlima. Tressie akavua soksi za babu yake, akazikunja vizuri, akatoka. Kule mgeni husindikizwa mpaka mwisho wa baraza, hata akiwa wa nyumbani, kwa hiyo Verlie alimfuata, Dell kiunoni. Tangu jioni alikuwa ametayarisha la kusema. Angemwambia kwamba amefanya kazi ya kutosha, kwamba bibi anampenda, na kwamba sasa akalale, asirudi. Alikuwa ameyapanga maneno kwa upole, asiumie.

Tressie aligeuka kwenye ngazi ya chini na kumpungia mkono. Mikia yake miwili ilikuwa imepinda kidogo. Dell akampungia pia.

Verlie akafungua kinywa.

"Kesho uje tena, mama," alisema. "Usiache kuja."