Dau la Bure la Marehemu

Saa kumi na mbili jioni, mke wa fundi friji alikuwa akipiga pasi kola za sare za shule, simu ya marehemu ikalia. Ujumbe wa kampuni ya kamari ulisema: "Tumekukumbuka, bingwa! Dau la bure linakusubiri." Mumewe alikuwa na siku hamsini kaburini. Hata hivyo marehemu alisukuma mlango, akavua viatu, akaichukua simu.

"Karibu," mke akasema. Hiyo ilikuwa jioni ya tisa ya kurudi kwake.

"Wameniita tena, mama watoto."

Vidole vyake vilikuwa baridi, ikabidi abonyeze kioo mara tatutatu. Enzi za uhai wake alikuwa akijifungia bafuni kucheza. Sasa hakuwa na la kuficha. Akacheza, akaliwa, akabaki ameinamisha kichwa.

Wifi mtu alikuwapo, akikunja sare. "Kaka, hata huko hupumziki?"

"Napumzika. Lakini ikilia naisikia, kama mtoto anayelia chumba cha pili."

Mke akapigia kampuni. Binti mwenye sauti laini akamjibu, "Kufunga akaunti lazima aombe mwenyewe, mama."

"Amekufa."

"Poleni sana. Ila utaratibu ndio huo."

Akampa marehemu simu. "Ni mimi," marehemu akasema. "Naomba mnifungie, nilale."

"Sawa, kaka. Itachukua siku thelathini. Kwa usumbufu huo, tumekuwekea dau la bure."

Ujumbe ukaingia papo hapo. Kabla hajaugusa, mke akamshika mikono yote miwili.

"Usiniachie," mume akasema. Hamu ilimpanda kama homa, ikamtetemesha hadi meno yakagongana. Wifi akachukua pasi, akamalizia kola zilizobaki. Kisha hamu ikapita.

"Mbona hukuniambia ulipokuwa hai?" mke akauliza.

"Niliona haya."

Wakashikana hivyo kila jioni, siku thelathini. Akaunti ikafungwa kweli. Mume akaaga, na jioni mbili hakuja mtu. Mke akamlilia upya, kama ndiyo kwanza anazikwa.

Jioni ya tatu simu ikalia. Ilikuwa kampuni nyingine kabisa: "Karibu kwetu, bingwa! Akaunti yako iko tayari."

Mlango ukasukumwa. "Hawa nao namba yangu wameipata wapi?" mume akauliza, macho mekundu kwa usingizi uliokatizwa.

Mke akachomoa pasi, akamshika mkono, akapiga simu kwa mkono uliobaki.

"Mwenye akaunti yupo?" binti mwingine akauliza.

"Yupo," akasema. "Huyu hapa."