Umeme Uliozikataa Nyimbo za Kibua

Adelaïde hakuwa mtu wa kupayuka kanisani. Miaka yote aliyofundisha shule ya msingi kule Kibua, na hata baada ya vita kumsukuma mpaka kambi ya wakimbizi ya Lushebere pamoja na mjomba wake, Papa Polycarpe, watu walimjua kwa sauti ya chini. Sauti kubwa aliiweka akiba kwa ajili ya kwaya. Basi siku aliposimama katikati ya misa na kupiga kelele, hata watoto waliokuwa wakilia walinyamaza.

Ili hasira yake ieleweke, ni lazima tuanze na ngoma.

Ngoma ile ilichongwa na baba yake Papa Polycarpe, ikawambwa ngozi ya mboloko, yule swala mdogo wa msituni. Siku walipokimbia Kibua, kila mtu alibeba alichoweza. Mwingine sufuria, mwingine mtoto, mwingine mbuzi. Papa Polycarpe aliacha godoro ndani ya nyumba, akajifunga ngoma mgongoni.

"Godoro tutapata ingine," aliwaambia. "Mikono ya baba yangu sitaipata tena."

Lushebere waliwapokea. Si kwa vigelegele, lakini waliwapokea. Padri Déo aliwapa nafasi ya kuwa kwaya ya pili ya kanisa dogo lililo kilimani, juu ya kambi, na Adelaïde akawa kiongozi wao. Waliimba nyimbo za misa kwa Kinyanga, lugha ya kwao, Papa Polycarpe akipiga ngoma akiwa amefumba macho. Siku ya Noeli walipoanza wimbo wa matoleo, kanisa zima lilisimama. Akina mama wa Lushebere, ambao hawakujua hata neno moja la lugha ile, walicheza mpaka wakasahau kurudi kwenye viti. Mtu mmoja tu hakusimama. Huyo alikuwa Viateur.

Viateur alipiga kinanda katika kwaya ya kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa vyombo vyote: amplifaya, mikrofoni, taa, na betri zilizonyweshwa jua na paneli za juu ya paa. Alikaa kando ya mlango wa sakristia, nyuma ya meza yenye kompyuta, akisema anarekodi misa. Nyaya zote zilishuka chini ya meza na kuchomekwa kwenye ubao mrefu wa prizi, multiprise aliyoletewa na ndugu yake kutoka Goma. Kutoka kwenye ubao ule ulipanda uzi mmoja mwembamba mpaka kwenye kompyuta. Hakuna aliyeuliza uzi ule ulikuwa wa kazi gani.

Baada ya Noeli ndipo shida ilipoanza. Kwaya ya Kibua ilisimama, Papa Polycarpe akapiga ngoma mapigo ya kwanza, Adelaïde akafungua kinywa mbele ya mikrofoni, na sauti ikakatika. Spika zilikufa ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Walimaliza wimbo hivyo hivyo, wale wa nyuma wakisikia nusu, wale wa nje wasisikie kitu. Walipoketi tu, spika zikafufuka, na kwaya ya kwanza ikaimba bila taabu.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Na nyingine tena.

Adelaïde alimfuata Viateur baada ya misa kumuuliza juu ya umeme. "Kaka Viateur, taa ya altare haikuzima. Kinanda yako haikuzima. Ni courant gani hii yenye kuchagua?"

Viateur alikuwa anakunja nyaya, hakuinua macho. "Dada, mimi niko fundi tu. Courant njo inakataa. Labda uulize ile ngoma ya mjomba wako. Vitu vya musituni, vya mambo ya zamani, haviingiake mu nyumba ya Mungu bure."

Alilisema polepole, kama mtu asiyetaka kulisema, na mama wawili waliokuwa wanafagia wakalisikia. Neno likatoka pale likateremka kilima, likafika kisimani, likaingia kambini. Kufikia Kwaresima, watu waliokuwa wamecheza siku ya Noeli walikuwa wanavuta watoto wao kando Papa Polycarpe akipita. Walisema ngoma ile ilipigiwa matambiko. Walisema umeme ni kitu cha usafi, unaijua damu iliyomwagwa juu ya ngozi. Mwingine alifika mbali zaidi: huenda vita yenyewe iliwafuata watu wa Kibua kwa sababu ya walichokibeba.

Kamati ya kanisa ikaketi. Adelaïde alijieleza kirefu, kwamba ngoma ile ilibarikiwa Kibua kwa maji ya baraka, na kwamba babu yake aliyeichonga alikuwa katekista. Padri Déo alimsikiliza huku akipangusa miwani. Alikuwa mtu mwema, lakini wema wake ulikuwa wa kuogopa kelele.

"Mama Adelaïde, mimi siamini mambo hayo," alisema. "Lakini watu wamechafuka roho. Tuiondoe ngoma, watulie, mambo yaishe."

Kabla kikao hakijaisha, kuiondoa kukawa kuichoma, na Padri hakukataa. Papa Polycarpe hakubishana. Aliileta mwenyewe nyuma ya kanisa, akaiweka chini kama mtu anayelaza mtoto, akageuka kabla moto haujashika. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani. Alikaa mbele ya hema lao la shitingi, yale maturubai ya misaada, akimenya mihogo, na ukimwita hakuitika mara ya kwanza.

Adelaïde naye akakataa kuimba. "Nitasali," aliwaambia wenzake, "lakini kuimba, hapana." Kwaya akamwachia Mamy, binti mwenye sauti nzuri na haya nyingi, na yeye mwenyewe akawa anakaa benchi la pembeni karibu na sakristia.

Na ni benchi hilo lililoleta yote.

Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste. Mamy na wenzake walisimama kuimba bila ngoma. Walichagua wimbo wa Kinyanga ulio mpole kuliko zote. Adelaïde, kutoka alipokuwa, aliona kitu ambacho kutoka mahali pa kwaya asingekiona kamwe: uso wa kompyuta ya Viateur. Kwenye kona yake palikuwa na kidirisha kidogo chenye vitufe vya duara, vimepangwa kwenye mstari, vyote vya kijani. Chini ya kila kimoja paliandikwa jina. Taa. Kinanda. Mikrofoni. Ampli.

Mamy akaanza. Viateur akasogeza kidole, bila haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Akagusa kitufe cha Ampli. Kijani kikawa kijivu. Chini ya meza, kwenye ubao wa prizi, kitu kikalia *ta*, na spika zikafa.

Mamy akaendelea kuimba na machozi yakimtoka. Watu wakatazamana. Mama mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Viateur akainua mabega kuwaonyesha kwamba hata yeye haelewi.

Yale mabega ndiyo yaliyomnyanyua Adelaïde. Angeweza kuvumilia kidole, mabega hapana. Aliifikia meza kwa kishindo, akamsukuma Viateur na kiti chake, akagusa kitufe mwenyewe. *Ta.* Sauti ya Mamy ikajaa kanisa lote. Akagusa tena. *Ta.* Kimya. Akagusa tena. Sauti.

"Muangalie!" akapaza sauti. "Mama na baba, muangalie muzuri! Njo hii pepo ya Kibua! Iko na kidole! Iko na shati na kiatu, inakula komunyo pamoja na sisi!"

"Dada, acha, utaharibu mashini," Viateur alisema, akijaribu kuufunga uso wa kompyuta.

Adelaïde akauzuia kwa kiganja. "Niharibu nini? Iko kitu ulibakisha cha kuharibu? Sema hapa. Ni ngoma njo ilizima, ao ni weye?"

"Betri zilikuwa chini. Nilikuwa naokoa betri..."

"Betri inakuwaka chini wakati ya Kinyanga tu?"

Hapo nyuma mtu akacheka, kicheko cha aibu. Halafu hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanaanza kuhesabu ndani ya mioyo yao kila walichokuwa wamekisema kisimani. Padri Déo alisimama altareni, mikono hewani, kama aliyesahau sala inayofuata.

Baada ya misa aliwaita wote wawili sakristia. Viateur alikuwa amelowa jasho. Alikiri kwa vipande vipande: kwamba ubao ule wa prizi unaamriwa kutoka kwenye kompyuta, kwamba mwanzoni alitaka tu kuwapunguza kidogo watu wa Kibua kwa sababu siku ya Noeli hakuna aliyekumbuka hata wimbo mmoja wa kwaya yake, kwamba lile neno la ngoma lilimponyoka tu, na likishatoka hakujua namna ya kulirudisha.

"Haukutafuta kulirudisha," Adelaïde alisema.

"Wanangu," Padri Déo akaanza, "shetani anapenda kugawanya. Tusameheane hapa hapa, tusilitoe jambo hili nje..."

"Lilitoka zamani, Padri. Lilifika mpaka kwa hema yetu." Sauti yake ilikuwa imerudi chini, na hiyo ilitisha zaidi. "Viateur alizima courant. Lakini kiberiti ulitoa weye."

Padri Déo alivua miwani, na safari hii hakuipangusa. Aliishika tu.

"Mama anataka nini?" aliuliza mwishoni.

"Sitaki kitu. Nataka museme kweli. Si hapa ndani. Kule mbele ya watu, kwenye mulisema uongo."

Jioni ile alimweleza mjomba wake. Alidhani atafurahi, au angalau atakasirika. Papa Polycarpe aliweka kisu chini, akautazama mlima wa ng'ambo, ule wenye malisho ya ng'ombe.

"Unajua kile kinaniuma?" alisema. "Mimi mwenyewe nilianza kuamini. Nilikuwa najiuliza, labda baba alichonga kitu kibaya. Labda njo maana tulikimbia. Nilimushuku baba yangu, Adelaïde. Marehemu, hana namna ya kujitetea."

Adelaïde alikuwa amefikiri amemaliza kukasirika pale kanisani. Kumbe kule alikuwa ameanza tu.

Jumapili iliyofuata Viateur alisimama mbele ya watu akasema, kwa nusu ya mdomo, kwamba umeme ulizimwa na yeye na kwamba ngoma haikuwa na kosa. Mtu akaita kutoka nyuma, "Hatusikii!" Akarudia kwa sauti. Padri Déo naye akasema lake, bila kuzungukazunguka: kwamba aliogopa kelele za watu kuliko alivyoogopa kutenda ubaya, na kwamba Papa Polycarpe ana haki ya kumdai. Kisha akateremka kambini kwa miguu, mchana kweupe, akaketi juu ya gunia mbele ya lile hema la shitingi. Papa Polycarpe alimpa maji ya kunywa. Walipozungumzia ngoma mpya, mzee alitikisa kichwa.

"Mupe vijana wachonge yao," alisema. "Ya kwangu imeisha."

Viateur alinyang'anywa ufunguo wa sakristia. Ubao ule wa prizi ukarudishwa Goma, ukawekwa mwingine wa kawaida, wenye kuwashwa kwa mkono mbele ya macho ya kila mtu. Watu walioongea sana walianza kumletea Adelaïde maharage na mboga, wakimsalimia kwa heshima iliyozidi kipimo. Aliwarudishia salamu. Mboga alizipokea, maana mboga hazina kosa.

Alirudi kuimba pia, lakini kila mtu aliyemshika mkono mlangoni akimwambia, "Dada, yaliyopita yamepita, samehe tu," alimjibu neno lilelile, bila tabasamu.

"Nitasamehe. Lakini musiniharakishe."