Utepe Tumboni mwa Mashine ya Nyonga

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, Rosalia alipoteleza kwenye tope la bomba la maji kule Bunju, akavunjika nyonga. Mumewe, Kornelio mchonga vinyago, alimpakia kwenye gari la kokoto akampeleka hospitali ya mjini.

Huko kulikuwa na mashine mpya kutoka Ulaya. Kompyuta yake husoma picha ya mfupa, kisha mkono wa chuma huchimba tundu la kupachika nyonga ya bandia, bila kukosea hata unywele. Kornelio hakusoma, lakini alielewa: ni kuchonga tu.

"Basi imchonge," alisema.

"Mzee, haijazinduliwa," akajibu Bwana Benedikto, katibu wa hospitali. "Anasubiriwa mgeni rasmi aje akate utepe."

Utepe wenyewe ulikuwa mwekundu, umezungushwa tumboni mwa mashine. Rosalia aliutazama kutoka kitandani mpaka mgongo ukaota vidonda, kichomi kikamchukua. Wakubwa, ambao kwa mgonjwa hawana nafasi ila msibani huwahi, walileta shada la maua. Kornelio akawapa mbuzi wakala.

Alasiri ya siku iliyofuata mazishi, Rosalia alirudi akijikongoja kwa gongo lake, akakaa kwenye kigoda kando ya mumewe.

"Huko nako ni mlima mtupu, Baba Jonas," alisema akihema. "Wenzangu wote washapanda. Mie nimebaki chini na bibi mmoja wa Chanika, naye kazi yake kusinzia."

"Tulia. Hilo niachie mie."

Mwezi wa sita mashine ilikuja yenyewe. Ilifuata Barabara ya Bagamoyo kwa magurudumu yake, ikiyapisha malori. Mwamvita, jirani muuza vitumbua, aliiambia ijipanguse vumbi kabla ya kuingia uani. Umeme ulikuwa wa mgawo, haikuuhitaji.

Kornelio aliianzisha na vipande vya mpingo. Cha kwanza ikakipasua.

"Shida yako umesoma sana," aliikaripia. "Mti hauchongwi kwa hasira!"

Ilipotulia, Rosalia alilala mkekani. Mkono wa chuma ulipita juu ya utepe bila kuugusa, ukachimba. Kornelio akapachika nyonga ya mpingo aliyoichonga mwenyewe. Damu haikutoka. Rosalia akainuka, akatembea hadi kwenye michongoma na kurudi, gongo akalitia jikoni liwe kuni.

"Umenipatia," alisema, "ila inalia kidogo."

"Hata ile ya zamani ilikuwaga inalia."

Siku hiyohiyo akaupanda mlima.

Benedikto alikuja na lori na askari. "Nani kaitumia kabla ya mgeni rasmi?"

"Mke wangu."

"Si marehemu yule?"

"Ndiye."

"Basi haihesabiki." Aliukagua utepe, akaunyoosha kwa kiganja, wakaondoka na mashine yao.

Tope la bombani hakuna aliyeliondoa. Masika yaliyofuata Mwamvita aliteleza palepale. Sasa amelala kitanda kilekile, anautazama utepe uleule. Nyonga ya mpingo Kornelio keshamchongea, iko kapuni chini ya kitanda. Kila akimpelekea uji hupitia ofisini na swali lake. Benedikto hulipeleka kwa mkubwa wake, mkubwa hulipeleka kwa mkubwa mwingine, nalo bado linapanda ngazi:

"Kwani huyo mgeni rasmi, mlishamwalika?"