Fundi wa Rangi Mbili

Mgeni alishuka kwenye lori pale Shelui wakati Severina bado anafuta vumbi kwenye meza ya kibanda chake chekundu. Alivaa fulana ya bluu ya kampuni ya simu ya Upepo.

"Dada, habari za asubuhi. Nimeambiwa mlinzi ameacha ufunguo wa mnara hapa."

"Umepotea, kaka. Hapa ni Radi. Upepo ni ng'ambo ya lami, kwa Alute."

Mgeni akacheka. Akavua fulana, akachomoa nyekundu kwenye begi, akaivaa.

"Sasa je?"

"Kwani we ni wa wapi hasa?"

"Wa kote. Mimi fundi Calist. Mnara ni mmoja, dada, jenereta moja, fundi huyuhuyu. Ugomvi wao uko kwenye matangazo ya redio tu."

Severina akampa ufunguo, lakini maneno yale yakamkaa kifuani. Mwezi uliopita Gerald, msimamizi wa Radi, alimkuta anapiga soga kwenye benchi la Alute. Alimwapia kwamba akimkuta tena pale, atakiondoa kibanda chake. Wakala wa Radi haketi kwa Upepo. Ndiyo sheria.

Na leo Severina alikuwa na ahadi. Alfajiri mke wa Alute alishikwa na uchungu. Kabla ya kumkimbiza zahanati, Alute alimwachia ufunguo wa kibanda na simu ya kazi.

"Bibi Lea anakuja kutoa hela ya dawa ya mzee. Anatoka mbali kwa miguu. Asirudi mikono mitupu, dada yangu."

"We nenda. Nitakuwepo."

Jua lilipokuwa kali, bibi akatokea, viatu mkononi, akaketi mbele ya kibanda cha bluu kilichofungwa. Severina akafungua fundo la khanga kutoa ufunguo. Hapohapo gari la Gerald likasimama, vijana wawili nyuma.

"Severina! Huo ufunguo wa wapi?"

"Wa Alute, bosi. Mkewe anajifungua. Namhudumia yule bibi tu, narudi."

"Ukivuka hiyo lami, kibanda kinapanda kwenye gari. Upepo ni maadui zetu."

Severina akanyoosha kidole juu. Kule mnarani Calist, na fulana yake nyekundu, alikuwa anakaza nati za sahani ya kunasia mawimbi yenye nembo ya Upepo.

"Na yule je, bosi?"

Gerald akatazama juu, kisha akatazama viatu vyake.

"Hayo ni mambo ya wakubwa. Wewe yanakuhusu nini?"

Kibanda chake chekundu ndicho kilichokuwa kinawalisha yeye na wanawe. Severina akakitazama mara moja, akangoja lori lipite, akavuka.

Nyuma yake bati lilianza kulia, misumari ikichomolewa. Hakugeuka. Akafungua kufuli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Alute yuko wapi?"

"Yuko zahanati na mkewe. Ameniachia mimi kazi. Lete simu, bibi, mzee apate dawa."