Benchi Lenye Mkono Katikati

Wifi yangu hajawahi kushika jembe, lakini ndiye aliyeamua sebule yetu iwe kama ya nyumba ya shamba. Aliona picha kwenye simu: kuta nyeupe, mbao zilizochakaa, taa ya kandili, gurudumu la mkokoteni limetundikwa ukutani kama picha ya babu. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula kwa raha. Ukiweka sahani anakwambia sogeza, napima. Ukikaa anakwambia inuka, nataka kuona hapo ulipokaa patafaa nini.

Mimi sikuwa na ugomvi na shamba. Shida yangu ilikuwa kochi. Mchana lilikuwa kochi la watu watatu, usiku lilikuwa kitanda changu.

Kaka alinileta hapa wifi alipojifungua, nije nimshike mtoto. Mama alikuwa ameshafariki, na baba mdogo alikuwa ameshahamia kwenye nyumba yetu na watoto wake wote, kwa hiyo sikuacha kitanda nyuma. Nyumba ya kaka ina vyumba vitatu. Kimoja chao. Kimoja cha mtoto, ambaye wifi alisema lazima alale peke yake ili akue na akili. Cha tatu ni cha wageni, kina kitanda kikubwa na shuka zilizopigwa pasi, na ufunguo wake unakaa kwenye mkoba wa wifi. Siku niliyofika kaka alitaka nilale humo. Wifi akanishika bega, kwa upole kabisa.

"Huyu si mgeni, baba. Huyu ni wa nyumbani."

Nikafurahi. Nilikuwa mdogo, nikadhani nimepewa heshima.

Sasa mtoto anakwenda shule na anavaa viatu mwenyewe, na mimi nimekuwa mzigo. Hakuna aliyenitamkia, lakini mtu unajua. Nikichota maji, nimemwaga. Nikifagia, nimetimua vumbi. Nikinyamaza, nimenuna. Mimi si mtu wa maneno tangu utotoni, na wifi huwaambia jirani zake kwamba kimya changu ni cha nyoka.

Kochi liliondoka nikiwa nimempeleka mtoto shule. Niliporudi nilikuta alama nne za miguu yake sakafuni, na blanketi langu limekunjwa juu ya ndoo jikoni.

"Wifi, kochi liko wapi?"

"Limepata mwenyewe. Nyumba ya shamba haina sponji."

"Na usiku?"

"Usiku watu wanalala," akasema, akaendelea kulinganisha rangi mbili nyeupe ambazo mimi niliziona ni moja.

Nikalala kwenye mkeka, katikati ya makopo ya rangi.

Fundi seremala alifanyia kazi uani. Mbao zilikuja mpya, zinanukia, na yeye akazitandika kwa mnyororo mpaka zikajaa makovu, kisha akazipaka siki iliyolowekewa misumari ili zipauke. Mimi nilikuwa naanua nguo.

"Maisha yangu yote nafuta alama za nyundo," akaniambia, "leo naambiwa niziongeze. Dunia imekwisha, dada."

Nikacheka. Wifi akachungulia dirishani kuona nani amecheka.

Alitoka na simu yake mkononi kumwonyesha fundi benchi analolitaka, refu, la kuegemea ukutani palipokuwa na kochi. Fundi akanipa ncha ya tepu nishike, akarudi nyuma mpaka mwisho wa ukuta. Moyo wangu ukatulia kidogo. Benchi gumu, sawa, lakini refu. Nikipata godoro jembamba la kukunja, asubuhi nalificha, nani atajua? Wifi akanitazama nilivyokuwa nautazama ule urefu. Nadhani aliona godoro kichwani mwangu.

"Fundi, weka mkono hapa katikati. Wa mbao nene. Na mwingine hapa, na hapa."

"Mama, benchi la shamba halina mikono katikati. Hayo ya mikono ni ya hospitali, ili watu wasijilaze."

"Basi weka kama ya hospitali."

"Kwenye picha haipo."

"Picha ni ya kwangu au ya kwako?"

Fundi akanitazama mara moja, akaivuta tepu ikanitoka mkononi ikaenda zake.

Asubuhi ya pili nilimvizia kaka akinyoa ndevu. Kazini kaka ni msimamizi, watu wanamkimbia. Nyumbani akipiga chafya anaomba radhi.

"Kaka, lile benchi."

"Zuri, eh?"

"Mimi nitalala wapi?"

Wembe ukasimama shavuni. Nikamwona kwenye kioo akitafuta pa kupeleka macho.

"Ongea na wifi yako. Mambo ya ndani mimi siyawezi."

"Nimeongea."

"Ongea tena. Vizuri."

Nikaongea vizuri, jioni, nikiosha vyombo ili nisimtazame. Wifi alikuwa anashona mito ya magunia. Magunia yalikuwa mapya, yameagizwa. Hayajawahi kubeba hata punje.

"Nilitaka nikwambie muda mrefu," akasema. "Umetusaidia sana, Mungu akulipe. Lakini mtoto amekua. Kila ndege na kiota chake. Urudi kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenu. Mlikotoka."

"Kule wamejaa."

"Hapa pia." Akakata uzi kwa meno. "Jumamosi rafiki zangu wanakuja kuona sebule. Mpaka hapo utalala jikoni, pembeni ya mtungi wa gesi pana nafasi. Sitaki mkeka kwenye sakafu yangu. Jumapili kaka yako atakutafutia gari."

"Kaka anajua?"

"Kaka yako anajua anachoambiwa."

Usiku huo, jikoni, magoti yangu yalifika kifuani na miguu ikagusa mtungi. Nilikuwa nasikia friji ikiguna karibu na sikio. Sikulia. Nilikuwa nafikiria neno moja tu, lile la siku ya kwanza, na kila nilivyoligeuza liliniuma mahali papya. Wa nyumbani. Wa nyumbani hupewa sakafu. Kitanda kinamsubiri mtu ambaye hata hajazaliwa.

Jumamosi mchana wakaja rafiki watatu. Mmoja tunamwita Kipaza, kwa sababu akinong'ona jirani hujibu. Kaka alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mapambo, amevaa shati la miraba ambalo wifi alimchagulia, anafanana na mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Mtoto alikuwa kwa jirani asije akachafua. Ukutani palikuwa na gurudumu, kandili mbili zisizo na utambi, na jembe ambalo mpini wake umepakwa vanishi ukang'aa.

"Mama shamba," Kipaza akasema, "ng'ombe umewafunga wapi?"

"Cheka tu. Huu ndio mtindo."

"Mtindo mzuri. Ila mkono huu unanichoma ubavu." Akahamia upande wa pili wa benchi, akachomwa na mkono mwingine. "Nani amekuchongea hiki kitu, mahakama?"

Wakacheka. Wifi akacheka pia, meno tu. Kisha akaniita nilete chai, na nilipopita karibu naye akasema chinichini, bila kuacha kutabasamu, "Begi lako umeshafunga?"

"Nimefunga," nikasema.

Na kweli nilikuwa nimelifunga. Niliingia jikoni, nikazima jiko, nikachukua begi. Nikatoka mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba. Nikakaribia kurudi nilipofika kwenye kamba ya nguo. Nikaendelea. Mlango wa mbele sasa ulikuwa wa mtindo wa banda la ng'ombe, wa kuteleza kwenye reli, na ulikuwa wazi nusu kwa sababu haujawahi kufunga vizuri.

"Hodi," nikasema.

Sauti yangu haikufika popote. Nikasema tena, kwa nguvu.

"Karibu!" akaitika Kipaza, na wale wengine pamoja naye, kama watu wote wanavyoitika hodi bila kufikiri. Hata kaka aliitika.

Nikaingia na begi.

"Una nini wewe?" wifi akauliza.

"Nimekuja kuwatembelea."

"Umetoka wapi?"

"Jikoni."

Mmoja wa wale rafiki akacheka, akaziba mdomo. Mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye vifungo vya shati la kaka, kwa sababu ningemtazama mtu usoni maneno yangepotea.

"Nimekaa humu nikiwa wa nyumbani, kaka, nikalala kwenye kochi. Kochi limetolewa. Benchi halilaliki. Jikoni nimelala, nimeshindwa. Sasa naomba niwe mgeni, maana wageni wana chumba."

"Kina kitanda hicho chumba?" Kipaza akauliza.

"Kikubwa," nikasema.

"Na nani analala humo?"

Wifi alikuwa bado anatabasamu, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Basi karibu, mgeni," akasema. "Ila unajua wenyewe wanavyosema. Mgeni siku mbili."

"Ya tatu nipe jembe. Lile pale."

Kipaza aligonga paja akacheka mpaka kandili zikatikisika. Wifi hakutazama ukutani. Alinitazama mimi, na kama macho yangekuwa ule mnyororo wa fundi, ngozi yangu ingezeeka palepale.

Kaka akasimama. Kile kigoda kilikuwa chembamba, kikamfuata nyuma kidogo kabla ya kuanguka.

"Ufunguo," akamwambia mkewe.

"Baba, tutaongea baadaye."

"Baadaye tutaongea. Sasa hivi nipe ufunguo."

Sijui kama alinihurumia mimi au aliona aibu mbele ya watu. Sikuuliza. Wifi alifungua mkoba taratibu, akapekua kama mtu asiyejua kilipo kitu anachokilinda kila siku, akautoa na kuuweka mezani. Kaka akauchukua akanipa mimi mkononi.

Chumba kilikuwa kinanukia dawa ya kuzuia nondo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, begi magotini, sikuwa na hakika kama ninaruhusiwa kulala mchana. Wifi akaja akasimama mlangoni, mgongo kwa sebule ili wasimwone uso.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

Nikalishika begi.

"Unadhani umeshinda. Nyumba hii utaiona chungu."

"Nimeshaionja, wifi."

"Usije ukaniita wifi."

"Haya."

Kule sebuleni Kipaza alikuwa anauliza chai imepotelea wapi. Wifi akageuza kichwa, akasikiliza, akanirudia. Sura ilibadilika kidogo, ikawa ile ya kila siku, ya kutuma.

"Inuka. Wageni wanataka chai."

Nikaweka begi chini. Nikavua kiatu kimoja, halafu cha pili, nikapandisha miguu kitandani, nikainyoosha yote, na bado haikufika mwisho.

"Na mimi pia," nikasema. "Sukari kidogo."